Maître na Hataza ya Vidonge

Kabla hajasalimia, Maître alikuwa akinyoosha mkono kwenye rafu iliyo karibu, anachukua boksi la dawa, analigeuza na kusoma kwa sauti maandishi ya mgongoni: jina la dawa, jina la mtengenezaji, nchi ilikotoka. Akimaliza analirudisha mahali pake na kusema, "Bonjour, mutoto yangu. Umeamukaje?" Wauguzi waliokuja kuchukua dawa za hospitali zao walidhani ni mkaguzi wa serikali, wakasimama wima. Hakuwa mkaguzi. Alikuwa mwanasheria, na kwetu Kisangani kila wakili, awe mwanamume au mwanamke, huitwa Maître. Lakini ukisema "Maître" tu bila kuongeza jina, mtu wa mtaa wa Makiso na mtu wa mtaa wa Mangobo walijua unamsema yeye.

Mimi ni mfamasia. Naongoza depo ya dawa iliyo Makiso. Kutoka kwetu dawa zinateremka mto kwa mashua hadi Yanonge, Isangi, Basoko na Barumbu. Nyingine zinapandishwa pikipiki na kuingia ndani hadi Yahuma, kwa njia ambazo mvua ikinyesha haziitwi tena njia. Bila yeye, nadhani depo ingekuwa imefungwa zamani, na mimi ningekuwa nauza vitenge. Ndiyo sababu namwandika, naye angali hai, maana sipendi tabia yetu ya kungoja matanga ndipo tuwasifu watu.

Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa mshonaji, na joho lake jeusi la mahakamani alilibeba katika mfuko wa plastiki wa sokoni, mara nyingi pamoja na karanga. Alipofika mbele ya jaji, joho lilinukia karanga. Hakujali.

Alipanda toleka, zile baiskeli za abiria zilizokuwa fahari ya mji wetu, hata baada ya pikipiki kuzifukuza karibu zote barabarani. Nilimuuliza kwa nini.

"Juu ya pikipiki hauwezi kujadiliana na mutu," alijibu. "Upepo unakula maneno."

Kweli alijadiliana. Mwenye baiskeli alipochoka kwenye mwinuko, Maître alishuka, akatembea kandokando yake, na mjadala ukaendelea: bei ya makaa, mume wa fulani, uchaguzi. Waendeshaji wengi walikuja kumtafuta nyumbani walipopata kesi. Aliwatetea kwa ukali uleule aliowatetea wafanyabiashara wakubwa, na pia aliwagombeza kwa ukali uleule.

Watu waliuliza anatoka wapi. Wenye asili ya Maniema walidai ni wao, kwa jinsi alivyosema Kiswahili chake. Watu wa mtoni walidai ni wao, kwa jinsi alivyomla samaki mpaka kichwa. Yeye alisema, "Andika Kisangani," kama anayejibu polisi, na habari ikaisha hapo.

Jambo lililomshughulisha kuliko yote lilikuwa hataza za dawa, brevet kama tunavyoita hapa. Wenzake katika baraza la mawakili walimcheka. Kesi zetu ni za viwanja, za urithi, za magari yaliyogongana. Nani Kisangani anagombania uvumbuzi? Alifundisha somo hilo chuo kikuu kwa miaka mingi, katika ukumbi wenye viti pungufu. Siku moja alinialika nikae nyuma nimsikilize.

Alianza na mama wa soko kuu. "Tuseme mama ametunga mbabula, jiko yenye inapika maharagi na makaa kidogo sana. Jirani anaona, anaiga, anauza. Ni haki?"

"Hapana!" ukumbi ukajibu.

"Bon. Serikali inamupa ule mama karatasi. Inasema, kwa miaka fulani mutu mwingine asitengeneze hii mbabula bila ruhusa yako. Hiyo karatasi ndiyo brevet. Mama anakula jasho yake. Miye nakubali kabisa." Akavua miwani. "Sasa badala ya mbabula, weka dawa. Mutu mwenye hana mbabula mupya atapika kwa ile ya zamani. Mutu mwenye hana dawa, atafanya nini?"

 Akaliandika swali hilo ubaoni.

Nilidhani basi anazichukia kampuni za dawa. Nilikosea. Kijana mmoja alipopiga kelele kwamba hataza zote ni wizi wa Wazungu, alimtoa nje. "Mutu anakaa miaka katika laboratoire, anakosa, anaanza tena, weye unamuita mwizi? Kwenda kwanza ujifunze kuheshimu kazi ya mutu." Hoja yake ilikuwa nyingine, na aliirudia mpaka nikaijua kwa moyo. Mikataba ya biashara ya dunia imeziruhusu nchi maskini kabisa, na yetu imo, zingoje kwanza kabla ya kulinda hataza za dawa. Hakuna anayetudai ulinzi huo leo. Lakini sheria yetu ya zamani iliyo vitabuni inazitambua hataza hizo, na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. "Donc ruhusa iko," alisema, "na siye wenyewe hatuitumie. Banatuambia tupumuzike, siye tunaendelea kubeba muzigo."

Sasa niseme habari ya syllabus, maana bila hiyo picha yake itakuwa ya mtakatifu, naye si mtakatifu. Kwetu profesa huandika masomo yake, huyachapisha, na wanafunzi huyanunua. Maître alikataza kabisa syllabus yake isitolewe kopi. Alikuwa akipita kwenye vibanda vya mashine za kopi karibu na chuo, akikagua. Aliyekamatwa na kurasa zake alisemwa mbele ya wote. Wanafunzi walishangaa: mwanamke huyuhuyu anayetaka dunia nzima inakili vidonge?

Mmoja alithubutu. "Maître, mbona dawa tunaweza kuiga na syllabus yako hapana?"

"Juu syllabus yangu haijamuponyesha mutu hata mumoja," akajibu. Ukumbi ulicheka mpaka walinzi wakachungulia.

Mwaka huo, kwenye mtihani, kijana huyo aliandika ombi rasmi la leseni ya lazima, yaani ile ruhusa ambayo serikali inaweza kuitoa ili kitu chenye hataza kitengenezwe bila ridhaa ya mwenyewe, kwa manufaa ya umma. Aliiombea syllabus. Alieleza dharura, akataja uhaba, akapendekeza fidia ya haki kwa mtunzi. Maître alimpa alama ya juu kuliko wote na kulisoma ombi lile mbele ya darasa kwa furaha isiyofichika. Kisha akalikataa.

Na kuna hili pia: hakumeza dawa. Mwanamke aliyepigania vidonge vya watu wengine alikuwa akipata malaria na kujifungia nyumbani na sufuria ya kongo bololo, yale majani machungu yanayochemshwa kila nyumba hapa kwetu. Nilimfuata safari moja nikamkuta anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

"Maître, nimeleta dawa. Kunywa."

"Weka pale."

"Siweki. Nitasimama hapa mpaka umeze."

"Miye nilisema dawa ikuwe, kila mutu aipate. Sikusema niko napenda kuikunywa." Hata katika homa alitenganisha hoja mbili. Alimeza mwishowe, kwa sura ya mtu anayesaini hukumu dhidi yake mwenyewe, na baada ya kupona alinitumia salamu: kwamba kilichomponya ni kongo bololo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tulikuwa tukiagiza kutoka Asia vidonge vya aina moja ya saratani ya damu. Ugonjwa huo zamani ulikuwa kifo. Vidonge hivi, kimoja kila siku, vinamwacha mtu aendelee na kazi yake. Vile vya kampuni iliyovivumbua, kampuni ya Ulaya, hakuna mgonjwa wetu aliyeweza kuvigusa. Vya Asia vilikuwa na dawa ileile ndani yake, vimepimwa, na vilikuwa vya bei ambayo hospitali, parokia na ndugu wa mgonjwa wakishikana waliimudu. Wagonjwa hawakuwa wengi. Niliwajua kwa sura.

Asubuhi moja aliingia afisa wa mahakama, huissier, pamoja na polisi na wakili mgeni kutoka Kinshasa. Wakili alikuwa na adabu. Alieleza kwamba kampuni anayoiwakilisha ina hataza ya vidonge vile, na kwamba mahakama imeamuru vilivyomo depo vizuiliwe mpaka kesi isikilizwe. Huissier akabandika karatasi na nta kwenye mlango wa kabati. Alipomaliza aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, unisamehe. Ni kazi." Nilimwambia namsamehe. Nilikuwa nikimfikiria mama mmoja wa Yanonge, muuza samaki wa kukaushwa, ambaye siku zilezile alitakiwa aje kuchukua vidonge vyake.

Nilikwenda kwa Maître. Alinisikiliza akimenya karanga. Nilipomaliza nilimwambia wazo nililolipata njiani: tuseme hataza yao haijaandikishwa katika nchi yetu, kwa hiyo haina nguvu hapa. Nilisikia kwamba nyingi ziko hivyo.

"Nyingi, ndiyo. Hii, hapana. Hii nilihakikisha zamani. Brevet yao ni ya kweli, banailipia kila mwaka."

"Lakini wao wenyewe wako Kinshasa, sisi tuko hapa. Tukisema hivyo, mpaka waonyeshe, muda utakuwa umepita, wagonjwa watakuwa wamepata dawa."

Aliacha karanga. "Mutoto yangu, sikia. Nikidanganya leo kwa vidonge, kesho nikisema kweli kwa vidonge, nani atanisadiki? Tutakwenda na kweli. Kweli yetu inatosha."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika. Nilimwona mtu anayeipenda heshima yake kuliko maisha ya mgonjwa. Leo ninaona vingine, lakini sitajifanya nilikuwa na busara hiyo siku ile.

Alikubali kesi bila kuniuliza habari ya malipo. Lakini aliweka sharti: hakuna mgonjwa atakayeletwa mahakamani. Watu wa shirika moja la misaada walitaka wagonjwa wakae safu ya mbele, na mpiga picha awepo. Maître aliwafukuza ofisini mwake. "Mugonjwa haiko karatasi ya kuonyesha jaji," alisema. "Iko na aibu yake, iko na jirani zake."

Siku ya kusikilizwa, mvua ilikuwa imenyesha na chumba cha mahakama kilinukia nguo mbichi. Wakili wa Kinshasa alisema vizuri. Alisema bila hataza hakuna atakayetafuta dawa mpya, na akaongeza kwamba kampuni ina roho ya utu: mgonjwa maskini anaweza kujiandikisha kwenye mpango wao wa msaada, huko Kinshasa, na akikubaliwa atapewa vidonge bure.

Ndipo mtu aliposimama nyuma. Niligeuka. Alikuwa mama wa Yanonge, na kikwembe chake cha safari kimelowa hadi magotini. Hakuna aliyemwita. Alikuja kuchukua dawa, akakuta kabati limefungwa, akauliza mlinzi wa depo tuko wapi, akaja.

"Monsieur le juge," alisema, "miye ndiye mugonjwa banamusema."

Jaji alimwambia akae, hana ruhusa ya kusema. Maître alikuwa amesimama tayari, na uso wake ulikuwa wa hasira. Nilidhani atamtoa nje mwenyewe. Alimtazama yule mama. "Mama, haulazimishwi kusema. Unajua? Hapa kila mutu atakujua."

"Najua."

Maître akamgeukia jaji na kuomba asikilizwe kidogo tu. Jaji alikubali kwa kichwa.

"Huyu papa anasema niende Kinshasa," mama akasema, akimwonyesha wakili, si kwa ukali. "Miye sikatai. Mashua inateremuka mpaka Kinshasa, siku nyingi, na mara inakwama kwenye muchanga. Nikifika, banasema banaandika jina, ningoje. Nitangoja wapi? Nani atakausha samaki yangu? Na hii ugonjwa yenyewe, nani ataiambia ingoje?" Kisha akaongeza: "Mwenye alitunga hii dawa, Mungu amubariki. Namuombea kila siku. Lakini asinikataze kuipata."

Akakaa. Wakili wa Kinshasa alikuwa akiangalia karatasi zake, na nadhani hakuwa akizisoma.

Maître hakutumia maneno yale. Wakili mwingine angeyashika na kuyapigisha ngoma. Yeye alisoma vifungu vyake: hataza ni halali, hatuipingi, sheria yenyewe inampa waziri uwezo wa kutoa leseni kwa manufaa ya umma, na ombi letu limeshapelekwa, nchi haina wajibu wa kimataifa wa kulinda hataza hii kwa sasa, na mpaka mambo hayo makubwa yaamuliwe na wakubwa, mtu aliyeanza tiba asikatishiwe, kwa sababu ikikatika hasara yake hailipiki, ilhali hasara ya kampuni inalipika. "Tukikosea kwa upande wa kampuni," alisema, "tunaweza kurekebisha. Tukikosea kwa upande wa mugonjwa, tutamurekebisha wapi?"

Na kwa kuwa hakudanganya juu ya hataza, jaji hakuwa na sababu ya kumshuku juu ya jambo jingine lolote. Nililiona hilo kwa macho yangu. Jaji alimuuliza wakili wa kampuni kama ana la kupinga kuhusu wale walio kwenye tiba tayari. Wakili akasema anaiachia mahakama.

Kwa amri ya jaji kabati likafunguliwa kwa ajili ya wagonjwa walioanza tiba. Nta ilipokuwa ikikwanguliwa, mama wa Yanonge alikuwa amekaa kwenye benchi la depo anakula ndizi, na Maître pembeni yake akimgombeza: kwa nini amesafiri na mvua, kwa nini hakuvaa viatu vya kufunika. Kesi yenyewe haikuamuliwa kamwe. Ililala, kama kesi nyingi zinavyolala hapa kwetu. Kampuni haikuifuata tena, wizara haikujibu ombi, na baada ya muda tukaanza kuwapa hata wagonjwa wapya, na hakuna aliyekuja. Maître hakuridhika. "Tumeshinda kwa usingizi," alinung'unika. "Usingizi haiko sheria." Mama wa Yanonge anaendelea kukausha samaki.

Kwa hiyo ulipoanza mjadala wa sheria mpya ya hataza, Maître aliufuata kama mtu anayedai mali yake. Wajumbe wa serikali walitoka Kinshasa kutusikiliza, wakatukusanya katika ukumbi wa hoteli: madaktari, wafanyabiashara, wakuu wa vijiji, waganga wa kienyeji. Wajumbe walisema Kifaransa cha vitabuni tangu asubuhi. Maître aliinua mkono akaomba mambo yasemwe pia kwa Kiswahili na Lingala, kwa kuwa kuna watu wametoka Basoko na Yahuma. Mjumbe akasema hakuna mkalimani. Maître akasema yupo, akaenda mbele, akaketi kando ya mjumbe na kumtafsiri sentensi kwa sentensi, hata pale mjumbe alipokuwa akiipinga hoja ya Maître mwenyewe. Alimtafsiri kwa uaminifu. Niliona mjumbe anazidi kusema polepole na kwa uangalifu, kama mtu anayesikia maneno yake mara ya kwanza.

Mzee mmoja wa Yahuma akasimama. Kwetu cheti cha ufundi wa kushona au useremala nacho huitwa brevet, na mzee huyo alikuwa amefuatilia kwa makini. "Nimesikia dawa iko na brevet," alisema. "Nauliza. Ilisoma shule gani?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mjumbe mmoja alitabasamu kwa dharau, na Maître akamwona. Hakucheka. "Papa, swali yako ni ya lazima," alisema. "Neno moja, mambo mbili. Kama sheria inatumia neno yenye batu banasikia vingine, ni sheria ndiyo imekosea, haiko weye." Akamweleza tena tangu mwanzo, kwa mfano wa mbabula, mpaka mzee akasema, "Sasa nimesikia. Basi mimi nakataa brevet ya dawa," na kukaa.

Hayo ndiyo niliyojifunza kwake, na sikuyasomea popote: kusema neno ambalo mtu wa mwisho katika ukumbi atalielewa, na kukubali ukweli wa mpinzani wako kabla ya kuomba wako. Aliniharibia uvivu wangu. Sasa hata ninapoandika agizo la dawa najiuliza yeye angelisomaje.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, alinitumia mtu: nije Jumapili baada ya misa. Nilimkuta barazani nyumbani kwake Kabondo, ameketi kwenye kiti cha mwanzi. Macho yake yamekwisha karibu kabisa. Daktari amesema ni presha ya jicho iliyochelewa kutibiwa. Alinitambua kwa hatua.

"Mapendekezo ya mwisho yanaondoka Jumatano," alisema. "Kifungu cha dawa. Soma. Miye nasikia, weye unaandika."

Nikasoma rasimu. Ilisema serikali inaweza, pale itakapoona inafaa, kuruhusu uingizaji wa dawa zenye hataza. Alitikisa kichwa.

"'Inaweza.' Miaka yote hii iliweza, na haikufanya. Toa. Andika: hakuna hataza itakayozuia dawa yoyote kuingia nchini. Nukta."

Nilishika kalamu, lakini sikuandika.

"Mbona sisikie kalamu?"

"Maître, siwezi kuandika hiyo."

"Unasema?"

"Dawa yoyote?" Niliweka kalamu chini. "Muuguzi wa Barumbu aliniletea vidonge vya malaria vilivyouzwa pale sokoni kwao. Nilivipima. Ilikuwa chokaa tu. Mtoto alivimeza mpaka akafa navyo. Yule aliyeviuza akikamatwa, atasimama na sentensi yako mkononi. Atasema, sheria imesema dawa yoyote. Hutakuwa umefungua mlango kwa mama wa Yanonge peke yake, utakuwa umemfungulia na huyo."

Alikunja uso. Jirani alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi ulisikika mpaka barazani. Nilianza kuogopa kwamba nimemkosea adabu, mtu aliyeniokoa.

"Umeipima weye mwenyewe? Ile chokaa?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ule mutoto ulimuona?"

"Nilimwona mama yake."

Akapapasa mkono wa kiti, akashusha pumzi. "Miaka hii yote nilikuwa naangalia adui wa mbali tu," alisema. "Huyu wa karibu sikumuona. Hapa weye unajua, miye sijui." Akanigeukia, macho yake yakitazama pembeni kidogo ya uso wangu. "Alors andika yako."

"Maître, mimi si mwanasheria."

"Nimekuambia uandike."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Hakunihimiza. Alisubiri mikono yake ikiwa imetulia mapajani, kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Nilipoinua kalamu alisikia.

"Soma kwa sauti."

Nikasoma: "Hataza haitamzuilia mgonjwa dawa anayoihitaji, mradi dawa hiyo imepimwa na kuthibitika kuwa ni dawa kweli."

Midomo yake ilitembea ikirudia maneno, moja baada ya jingine, akitafuta kosa. Hakulipata, au alilipata akaliacha.

"Bon," akasema. "Tia saini yako chini. Yangu usiweke, hii ni jasho yako."